Fleti ya mlimani au hoteli ya ziwani: upange wapi ukija kupumzika Kigoma

Mgeni aliyekuja Kigoma zamani kwa mapumziko hakuwa na mengi ya kuchagua, kwani ama alilala gesti karibu na stesheni, ama alilipia hoteli ya kando ya ziwa kama mfuko wake uliruhusu. Siku hizi kuna chaguo la tatu, nalo ni fleti ya kifahari inayokodishwa kwa siku, yenye sebule, jiko, vyumba viwili au vitatu vya kulala, na roshani inayotazama mji na ziwa. Picha zake zinavutia na bei yake hushtua kidogo, ndiyo maana watu wengi huuliza kama inastahili, au kama ni afadhali wachukue vyumba vya hoteli ziwani na kumaliza shughuli. Nitangulize maoni yangu: familia ya watu watano au sita inayokaa siku tatu na kuendelea ichague fleti, ilimradi ina nia ya kulitumia lile jiko, nao watu wawili wanaopita tu kuelekea hifadhi za Gombe au Mahale wachague hoteli. Sababu zake hazilingani uzito, na nitakaa zaidi kwenye zile zilizo nzito.

La kwanza ni mandhari yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayouzwa. Mji wa Kigoma umekaa kwenye ghuba, na kutoka gatini ardhi inapanda kuelekea eneo la Mwanga na vilima vinavyouzunguka mji. Kwa sababu hiyo urefu unaoutafuta unapewa na mlima, wala si na jengo. Anayetaka kuiona bandari ya Dar es Salaam hulazimika kupanda lifti hadi juu sana, lakini hapa ghorofa ya pili iliyojengwa mahali pazuri penye mteremko inakuonyesha kila kitu: jengo la stesheni lililojengwa na Wajerumani, ambako Reli ya Kati iliyofika mwaka 1914 inaishia, miembe mikongwe ya Barabara ya Lumumba, eneo la bandari, nyumbani kwa MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kushushwa majini hapa mwaka 1915, rasi ya Bangwe upande wa kusini, na nyuma ya vyote hivyo ziwa lenyewe, ambalo kina chake kinafika mita 1,470 na ambalo duniani linazidiwa kina na Ziwa Baikal peke yake. Mwenye fleti anayejisifu kwamba jengo lake ni refu hajakuambia kitu. Muulize limejengwa upande gani wa kilima, na kama mbele yake kuna kiwanja kitupu ambacho mwakani jirani anaweza kukiinulia ukuta.

Hoteli ya ziwani ina mandhari ya namna nyingine, na ni vyema kuelewa tofauti hiyo kabla ya kulipa. Ukiwa ufukweni unaona maji, mitumbwi na anga, lakini mji huuoni, kwa kuwa uko mgongoni mwako. Kwa mtu anayetaka kutuliza akili hiyo ni faida kubwa. Mtu anayependa kuketi na kuutazama mji ukiamka, bajaji zikianza kupanda Lumumba na moshi wa majiko ukijitokeza juu ya mabati, hatayapata hayo chini kule, hata akipewa chumba cha bei ya juu kabisa.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi, nalo ni kwamba mandhari ya Kigoma ina majira yake. Mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au mwanzo wa Mei, na katika kipindi hicho, hasa saa chache baada ya mvua kubwa kupita, hewa husafika hata ukaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa kana kwamba mtu ameisogeza. Kiangazi kinapokolea, kuanzia Julai hadi Septemba, moshi wa mioto ya mbugani na vumbi huifunika ng'ambo yote, na mgeni aliyelipia roshani ili aione Kongo huambulia ukungu mweupe asubuhi hadi jioni. Machweo hata hivyo hupendeza kiangazi, kwa kuwa jua hugeuka jekundu mapema ndani ya ule ukungu, na wapo wanaosema kuwa huo ndio uzuri wenyewe. Mimi simo miongoni mwao. Kama nalipia mandhari, nataka kuona milima.

Usiku nao una ratiba yake. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, zamani karabai na sasa taa za betri na za sola, na kwa kuwa dagaa hufuata mwanga, mbalamwezi ikiwa kali taa hizo hazina kazi na mitumbwi mingi hubaki ufukoni. Maana yake ni kwamba mandhari ya usiku inayosifiwa sana, ziwa likiwa limetapakaa taa kama mji wa pili, utaipata siku za giza tu. Anayekuja kwa ajili hiyo aangalie kalenda ya mwezi kabla ya kulipia. Aangalie pia amri za uvuvi: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, na ziwa likifungwa namna hiyo taa hazipo kabisa, na samaki wabichi nao huadimika sokoni. Mgeni wa hoteli hagutuki sana, kwa maana jikoni kuna kuku na nyama. Mgeni wa fleti aliyejipangia kula migebuka, samaki wa ziwa hili, kila siku ndiye atakayejuta, kwa hiyo anayekuja miezi hiyo aulize kwanza kama ziwa limefungwa.

Tena, roshani inayotazama ziwa inatazama magharibi. Kuanzia alasiri jua hulipiga jengo usoni, na zile fleti mpya zilizowekwa vioo kutoka sakafuni hadi darini huwa na joto kali mpaka jioni, hivi kwamba watu hufunga mapazia mazito na kuwasha kiyoyozi, wakaifungia nje mandhari ile ile waliyoilipia. Fleti nzuri ni ile ambayo roshani yake ina paa lililotokeza mbele na kina cha kutosha kuweka meza, na vyumba vyake vya kulala viko upande wa mashariki. Nikilazimika kuchagua kati ya kioo kikubwa na kivuli kizuri, nachagua kivuli bila kusita. Hoteli za ziwani nazo zinatazama huko huko, ila miti na upepo wa majini huwapunguzia wageni wake adha hiyo.

Upepo ukitajwa, ufukwe nao utajwe. Mvua nyingi za miaka ya 2019 na 2020 zilipandisha kina cha ziwa, na maji yakafuata mialo, barabara na majengo ya kando, ikiwemo Kibirizi na Katonga. Kwa hiyo usilipie ufukwe uliouona kwenye picha ya zamani. Omba picha ya wiki hii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hali hiyo ya maji imewafundisha wengi kwa nini. Kama kuogelea ndiyo shabaha yako, kumbuka kwamba si kila hoteli iliyo karibu na maji ina mahali pa kuogelea, na kwamba mgeni wa fleti anaweza vilevile kuchukua bajaji hadi ufukwe wa Jakobsen, upande wa Katonga, akalipa kiingilio na kushinda huko na watoto. Ukaribu wa maji, kwa hiyo, si hoja nzito kwa hoteli kama inavyodhaniwa, isipokuwa kwa mtu anayetaka kujitupa majini alfajiri kabla ya chai.

Hoteli inapoishinda fleti waziwazi ni kwenye umeme, maji na mapokezi. Kwa miaka mingi Kigoma iliishi kwa mitambo ya dizeli kabla ya kufikiwa na Gridi ya Taifa, na hoteli zilizokuwepo enzi hizo zilijifunza kuwa na jenereta na fundi wa kuiwasha. Fleti nyingi hazina utamaduni huo. Umeme ukikatika saa mbili usiku, kiyoyozi kimezimika na watoto wanalia, mwenye nyumba yuko mwisho wa simu, kama atapokea. Maji nayo yana taabu yake mlimani, kwa kuwa kadiri nyumba inavyokaa juu ndivyo msukumo wa bomba unavyopungua, na nyumba isiyo na simtanki la kutosha pamoja na pampu itakuachia bafu zuri la vigae lisilo na tone. Maswali ya kumuuliza mwenye fleti ni mepesi: tanki ni la lita ngapi, umeme wa akiba unawasha vitu gani, na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ananunua nani. Hili la mwisho hudharauliwa, lakini kuna wenye nyumba wanaokukabidhi mita yenye uniti tatu na tabasamu, na viyoyozi vitatu havina mzaha na uniti.

Nije kwenye jiko, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua mambo. Kupumzika Kigoma bila kula vya Kigoma ni kupoteza nauli, na vya Kigoma vinapikwa vizuri zaidi na mtu aliyevizoea kuliko na jiko la hoteli linalolazimika kumridhisha kila mgeni kwa chipsi na kuku. Mgeni wa fleti huamka mapema akashuka mwaloni Kibirizi wakati mitumbwi inarudi, akachagua migebuka ambao macho yao bado yanang'aa, au samaki aitwaye kuhe kama bahati ni yake, kisha akapita sokoni Mwanga kuchukua ndizi, muhogo, pilipili na chupa ya mawese mapya. Akirudi, mama mpishi wa kulipwa anaanza kazi: kisamvu cha mawese, kile ambacho wenyeji wanakiita sombe, ugali wa muhogo, samaki wa kuchoma, na dagaa waliokaangwa hadi wakakauka. Chakula kinaliwa roshanini, kwa mikono, bila mtu kungoja saa nzima baada ya kuagiza. Bibi mwenye kisukari anapikiwa chake bila chumvi nyingi na mtoto anapikiwa uji saa anayoutaka, mambo ambayo hotelini huombwa kwa unyenyekevu na kutimizwa nusu.

Tahadhari moja ipo. Baadhi ya fleti hizi zimepambwa kwa mazulia na makochi ya kitambaa cheupe, na wenyewe wameandika masharti ukutani kwamba samaki wasikaangwe ndani. Mwenye nyumba anayekataza kukaanga dagaa Kigoma angefaa kuambiwa akafungue nyumba yake mahali pengine, lakini kwa kuwa sheria ya nyumba ni yake, muulize mapema kama kuna jiko la nje. Angalia pia kama masufuria yapo kweli. Katika picha jiko hupendeza kwa kabati na jokofu, na mgeni akifika hukuta sufuria moja ndogo, vikombe viwili na mwiko usiokuwepo.

Sasa hesabu. Nachukua tarakimu za mfano tu, wala si bei ya nyumba fulani, na kila mtu atazibadilisha kwa zile atakazotajiwa. Tuseme baba, mama, bibi na watoto watatu wanakaa siku nne. Hotelini watahitaji vyumba vitatu. Kila kimoja kikiwa shilingi 120,000 pamoja na chai ya asubuhi, malazi ni 1,440,000. Mchana na usiku wakila sahani sita kwa 12,000 kila moja, chakula ni 144,000 kwa siku, yaani 576,000 kwa siku nne. Jumla inafika 2,016,000. Fleti ya vyumba vitatu ikiwa 350,000 kwa siku, malazi ni 1,400,000. Soko likila 60,000 kwa siku kwa milo yote mitatu, ni 240,000. Mama mpishi akilipwa 20,000 kwa siku, ni 80,000. LUKU na gesi tuseme 40,000. Jumla ni 1,760,000, na familia imebakiwa na 256,000, ambazo zinatosha kutembea Ujiji, chini ya kilomita 10 kutoka mjini, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na kurudi na zawadi.

Lakini hebu familia hiyo hiyo ikae fleti na kula mikahawani. Inarudisha zile 576,000 za chakula, inaongeza chai ya asubuhi ya watu sita kwa 5,000 kila mmoja, yaani 120,000 kwa siku nne, na LUKU na gesi bado ni 40,000. Jumla inakuwa 2,136,000, na fleti imeizidi hoteli kwa 120,000. Ndiyo maana nasema jiko ndilo linaloamua. Fleti bila kupika ni anasa ya roshani, na anayeitaka anasa hiyo ana haki yake, ila asijidanganye kwamba anabana matumizi. Kwa watu wawili mambo ni mepesi zaidi kuyaona: chumba kimoja cha hoteli cha 120,000 pamoja na chai, dhidi ya fleti ndogo ya, tuseme, 180,000 bila chai na bila mtu wa kutandika kitanda. Kwa usiku mmoja au miwili hakuna cha kujadili.

Kwa wanaokwenda Gombe hoja ya hoteli huongezeka uzito. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1968 na inayojulikana duniani kwa utafiti wa sokwe ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960, iko takribani kilomita 16 kaskazini mwa mji, na hakuna barabara ya kukufikisha. Unakwenda kwa boti. Safari huanza asubuhi mapema kabla ziwa halijachafuka, hasa katika miezi ya kipupwe ambapo upepo wa kusi huinua mawimbi. Hoteli iliyozoea watalii inakupangia boti, inakufungia chakula cha njiani saa kumi na moja alfajiri na kukutunzia mizigo mpaka urudi. Mwenye fleti anaweza kukuelekeza kwa nahodha, lakini maelewano, malipo na kuamka ni juu yako. Isitoshe, kulipia roshani ukiwa unalala Gombe ni kuwapa popo mandhari.

Vilevile treni. Anayekuja kwa reli ya zamani kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Tabora anajua kwamba saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi ni matumaini. Hoteli ina mtu mapokezi usiku kucha, wakati fleti ina funguo alizonazo mtu aliyelala mtaa wa mbali kama Gungu. Kama unafika kwa ndege mchana tofauti hii haina maana. Kama unafika kwa treni usiku wa manane, lala hoteli usiku wa kwanza, kisha uhamie fleti kesho yake ukiwa umeoga na una akili timamu ya kukagua.

Katika kukagua, anza na nyavu. Mkoa wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na vioo vikubwa visivyo na nyavu vinakulazimisha kuchagua kati ya hewa na mbu. Pima kwa mkono urefu wa kingo za roshani kama una watoto wadogo. Kama una mzee mwenye magoti mabovu, hesabu ngazi, kwa kuwa lifti usiitarajie, na njia ya kuingilia mlimani mara nyingi ni ya changarawe ambayo mvua huichimba. Hoteli yenye vyumba vya chini humfaa zaidi. Sikiliza pia. Fleti iliyo katikati ya Mwanga ina mandhari nzuri na muziki wa baa hadi usiku mkubwa, na hakuna mhudumu wa kwenda kuomba upunguzwe.

Hotelini utaandikwa kwenye kitabu cha wageni, na hapo umeshatambulika. Fleti iko ndani ya mtaa wa watu, na mwenye nyumba muungwana humjulisha mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kwamba ana wageni. Asipofanya hivyo, usishangae kuulizwa maswali siku ya pili. Jibu kwa adabu, toa kitambulisho, na ukipita asubuhi uwaamkie wazee waliokaa nje, kwani hao ndio watakaokuonyesha fundi wa umeme saa ile mwenye nyumba hapokei simu.

Malipo yafanyike kwa utaratibu. Hoteli ikikutajia bei, uliza kama Kodi ya Ongezeko la Thamani imo, na udai risiti ya mashine. Kwa fleti, usitume pesa yote kwa namba ya simu ya mtu usiyemjua kwa sababu tu picha zimekupendeza. Omba mpigiane simu ya video jioni, saa kumi na mbili hivi, yeye akiwa amesimama roshanini. Aigeuze kamera polepole kutoka stesheni hadi Bangwe, kisha aingie ndani, afungue bomba la jikoni na kukuonyesha mita ya LUKU. Aliye na nyumba kweli hatachukizwa na ombi hilo. Kisha tuma malipo ya awali ya usiku mmoja kwa namba ya biashara ambayo jina lake linafanana na alilokutajia, na yaliyobaki umlipe ukiwa umeshika ufunguo.